Shingo Imepinda, Maji Yanaisha Mapema: Maswali ya Wafugaji wa Njiwa wa Mashindano

Barua nyingi za safari hii zinauliza jina la dawa. Majibu yetu yanaanzia kwenye kinyesi, koo na gole (mfuko wa chakula ulio chini ya shingo), kwa sababu dawa ikitangulia uchunguzi hufuta dalili chache ambazo zingekuonyesha ugonjwa wenyewe.

SWALI: Nina njiwa 40. Tangu wiki iliyopita wanamaliza maji mapema na sakafu ya banda imelowa. Sasa watatu wanatetemeka kichwa, wakidonoa punje wanaikosa, na mmoja shingo imepinda mpaka anatazama juu. Mwenzangu aliniambia ni salmonela, nikawapa antibayotiki siku tano. Hakuna nafuu.

JIBU: Pole. Dalili hizo, tena kwa mfuatano huohuo, ni za paramiksovirusi ya njiwa, ambayo ni jamaa wa karibu wa virusi vya kideri cha kuku. Virusi hivi huathiri figo, na hapo ndipo kiu na unyevu wa sakafu vinapotokea. Kitazame kinyesi asubuhi kabla hujafagia. Ukiona kipande kilichoshikana kimekaa katikati ya maji maangavu, hayo ni mkojo wa figo zilizoshindwa kazi, si kuharisha. Kwenye kuharisha kinyesi chenyewe huyeyuka. Siku kadhaa baadaye ugonjwa huingia kwenye mishipa ya fahamu: kichwa kutetemeka, shabaha kupotea, shingo kupinda, pengine mguu au bawa kupooza.

Mwenzako hakubuni, maana salmonela, ambayo ni bakteria, nayo hupindisha shingo. Lakini salmonela hupenda kuanza kwa njiwa mmoja mmoja, nayo huja na mambo yake: ndege anakonda, kinyesi ni cha kijani na kina ute, kiungo cha bawa kimevimba na kina joto, mwingine anachechemea. Ukipasua mayai yasiyoanguliwa unakuta vifaranga vimekufa ndani. Banda zima kuloa maji ndani ya wiki moja si tabia yake. Hata hivyo peleka kinyesi kikaoteshwe maabara, yaani bakteria wakuzwe hadi watambulike, kwa sababu magonjwa haya mawili yanaweza kukaa pamoja.

Virusi havina dawa. Kinachookoa njiwa ni kulishwa, kwa kuwa wengi hufa kwa njaa wakiwa wamezungukwa na chakula. Watenge wagonjwa. Wape punje kwenye chombo chenye kina cha sentimita 5 au zaidi, kilichojaa, ili hata anayekosa punje aliyoilenga apate ya pembeni. Asiyeweza kabisa mlishe kwa mkono njegere kavu zilizolowekwa, 30 hivi asubuhi na 30 jioni, zikiwa za uvuguvugu, na usiongeze mlo kabla gole halijashuka. Weka elektroliti kwenye maji, maana mkojo huo unaondoka na chumvi za mwili. Wengi hurudi katika hali nzuri baada ya wiki kadhaa. Wengine hubaki wakipinda shingo wanaposhtuka. Hao usiwapeleke mashindanoni tena.

Wasio na dalili wachanje leo, ukianza na wale walio mbali na wagonjwa, na ubadilishe sindano mara kwa mara. Watakaougua siku chache baada ya chanjo walikuwa wameshaambukizwa. Kinga huchukua wiki mbili hadi tatu kujengeka. Tumia chanjo ya virusi vilivyouawa iliyotengenezwa kwa ajili ya njiwa. Matone ya kideri ya kuku hayatoi kinga ya kutegemewa kwa njiwa, ingawa ni rahisi na watu wanayapenda. Kipimo hutofautiana kwa mtengenezaji, zipo za mililita 0.2, kwa hiyo lebo ndiyo isemayo. Chupa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 bila kugandishwa, hutolewa ikapoteza ubaridi, ikatikiswa. Sindano huingia chini ya ngozi, nyuma ya shingo, theluthi ya chini karibu na mabega, ncha ikielekea mkiani. Ukichoma juu karibu na kichwa utakutana na mtandao wa mishipa ya damu ulio chini ya ngozi ya shingo, na njiwa anaweza kuvuja damu akafa mkononi mwako.

Simamisha mashindano na mazoezi. Usiuze wala kuazima njiwa hadi zipite wiki 6 hivi tangu dalili mpya ya mwisho. Kuku walio karibu nao wanaweza kuambukizwa, na katika nchi nyingi ugonjwa huu ni lazima utolewe taarifa, kwa hiyo daktari wa mifugo aitwe mapema. Mwakani chanja makinda wote wakifikisha wiki 4 hadi 5, na wakubwa kila mwaka wakati hakuna mashindano.

SWALI: Nasikia mabingwa huwapa njiwa wao dawa ya kanka, ya koksidia na antibayotiki kila wiki mbili msimu mzima. Naomba ratiba yao.

JIBU: Ratiba hiyo hatutaitoa. Njiwa karibu wote wazima hubeba kooni trikomonasi kidogo, kimelea kinacholeta kanka, na vijiyai vichache vya koksidia, kimelea cha utumbo. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachoufundisha mwili kujilinda. Ukikifuta kila wiki mbili unapata njiwa anayependeza bandani, halafu akikaa usiku mmoja kwenye kikapu cha safari na njiwa wa mabanda mengine anarudi mgonjwa. Antibiotiki ya "tahadhari" ni mbaya zaidi: inaua bakteria wazuri wa utumbo na kuacha salmonela sugu.

Kinachofaa ni kupima. Kwa siku tatu hadi tano mfululizo okota asubuhi kinyesi kibichi cha njiwa tofauti, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa siku. Weka kwenye kichupa chenye kifuniko, kwenye friji na si kwenye friza, upeleke maabara. Usichukue siku moja tu. Salmonela na vijiyai vya minyoo havitoki kila siku. Kwa kanka kinyesi hakisaidii. Inatakiwa pamba iliyopitishwa gole la njiwa hai itazamwe kwenye hadubini papo hapo ikiwa na joto, kwa sababu kimelea kikipoa kinaacha kutembea na hakitambuliki. Pima kabla ya kupandisha, kabla ya msimu, na mara moja katikati ya msimu. Hapo utatibu kilichoonekana, kwa njiwa wote siku moja.

Na ukitibu kwa maji, piga hesabu. Njiwa hunywa mililita 30 hadi 60 kwa siku. Siku ya joto kali au akiwa analisha makinda hunywa maradufu, na dozi nayo inakuwa maradufu bila wewe kugusa kijiko. Dimetridazoli ndiyo ya kuogopwa hapa: ikizidi, njiwa huyumba na kuanguka. Ronidazoli ina nafasi kubwa zaidi ya usalama.

SWALI: Kinda wa wiki tatu ana uvimbe wa njano kooni unaonuka. Niukwangue?

JIBU: Usiukwangue. Hiyo ni kanka, na uvimbe umeshikamana na nyama hai. Ukiuvuta unaacha jeraha linalovuja damu, na damu inaweza kumziba pumzi. Mpe karnidazoli kidonge, miligramu 5 kwa kinda na 10 kwa njiwa mzima, mara moja. Baada ya siku kadhaa uvimbe hulegea na kujitoa wenyewe. Ukiwa mkubwa kiasi cha kumzuia kumeza, ni kazi ya daktari.

Mzizi wa tatizo uko kwa wazazi, hata kama koo zao zinaonekana safi na za waridi. Hupitisha kimelea kwenye maziwa ya gole tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo watibu wazazi kabla ya kuwapandisha, au wakiwa wameatamia kwa siku kumi hivi, kabla maziwa hayajaanza kutengenezwa. Nje ya mwili kimelea hiki hufa upesi kikikauka, lakini huvumilia ndani ya maji. Osha vyombo kila siku na uviache vikauke kabisa; kuvisuuza tu haitoshi.

SWALI: Makinda wa mwaka huu walirudi kutoka zoezi la pili, usiku wakatapika punje nzima. Kinyesi ni maji ya kijani. Wakubwa hawana kitu.

JIBU: Umri unasema mengi. Kundi la makinda wa miezi michache, mara baada ya kuchanganywa na wengine kikapuni, magole yamejaa na hayashuki: huu ndio ugonjwa wa makinda, ambao kwa kawaida ni virusi pamoja na *E. coli* inayopanda juu ya utumbo uliodhoofika. Kwa muda mrefu adenovirusi ndiyo iliyolaumiwa. Tangu mlipuko wa mwaka 2016 Australia Magharibi, rotavirusi ya njiwa imetambuliwa kuwa inasababisha picha hiyohiyo, pamoja na kuoza kwa ini na vifo vya ghafla, na baadaye ikapatikana Ulaya pia. Sirkovirusi nayo huwa nyuma ya pazia, ikidhoofisha kinga ya makinda kimyakimya.

Ondoa chakula saa 24, usiondoe maji. Punje zinazochacha gole lisiposhuka ndizo chakula cha *E. coli*. Weka elektroliti, kisha anza na mlo mwepesi, shayiri au mpunga, robo ya kiasi cha kawaida, bila njegere wala maharage hadi kinyesi kishikane. Daktari anaweza kuongeza antibayotiki dhidi ya *E. coli*, ikiwezekana baada ya kuotesha. Enrofloksasini kwa makinda wanaokua ni ya kufikiria mara mbili kwa sababu huharibu gegedu za viungo. Ikitolewa hiyo au doksisaiklini, ondoa changarawe na madini yote siku hizo: kalsiamu huinasa dawa tumboni na kuizuia kuingia kwenye damu. Wafugaji wengi wanaolalamika kwamba "dawa ni feki" waliacha chombo cha changarawe bandani.

Mazoezi yasubiri wiki tatu. Haraka hapa ndiyo inayopoteza makinda njiani, kisha lawama anabebeshwa kipanga.

SWALI: Niliwapa dawa ya minyoo ya mbuzi. Minyoo imetoka, lakini manyoya mapya ya mabawa yamebana katikati na mawili yamekatika.

JIBU: Soma lebo. Bila shaka utakuta fenbendazoli au albendazoli. Kwa njiwa dawa hizi ni sumu: hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, yaani mizizi ya manyoya na uboho wa mifupa. Unyoya uliokuwa ukiota siku hizo hutoka na mbano, nao utabaki hivyo hadi njiwa anyonyoke tena. Wenye hali hiyo usiwarushe mbali msimu huu. Akionekana mnyonge na utando wa ndani ya mdomo umekuwa mweupe, apelekwe kwa daktari kwa ajili ya kipimo cha damu.

Kwa njiwa tumia moksidektini au levamizoli, kwa dozi ya daktari. Levamizoli huwatapisha, kwa hiyo itoe gole likiwa tupu. Ivamektini inasaidia kwa utitiri lakini kwa minyoo ya njiwa haitegemeki. Siku mbili baada ya dawa safisha banda hadi kwenye kona: mayai ya minyoo mviringo huchukua takriban wiki mbili kwenye unyevu kabla ya kuweza kuambukiza, na sakafu kavu inayokwanguliwa kila siku huyazuia kufika hapo.

SWALI: Siki ya tufaha kiasi gani?

JIBU: Mililita 5 kwa lita moja ya maji, siku mbili kwa wiki, kwenye chombo cha plastiki au udongo. Kwenye chombo cha bati lililopakwa zinki asidi hutoa zinki, na zinki ni sumu. Siki haitibu kanka wala salmonela.

SWALI: Vigaga vimeota kwenye kope na juu ya mdomo. Ni utitiri?

JIBU: Ni ndui ya njiwa, iliyoletwa na mbu. Usivibandue. Vipake ayodini mara moja kwa siku bila kugusa jicho, navyo hukauka na kudondoka vyenyewe ndani ya wiki tatu au nne. Kabla hujatulia, mfungue mdomo. Ndui ya ndani hufanana na kanka, ila haisikii dawa ya kanka, na njiwa huyo anahitaji kulishwa vyakula laini.

Wavu wa mbu na kumwaga maji yaliyotuama vinapunguza sana hatari. Chanjo hutolewa kwa kung'oa manyoya machache ya paja au kidari na kupaka kwa brashi kwenye matundu yaliyobaki. Baada ya siku 7 hadi 10 angalia: ngozi ikiwa imevimba na kuweka kigaga pale, chanjo imeshika. Isipovimba, rudia upande wa pili. Ni virusi hai, kwa hiyo usichanje banda lenye wagonjwa wa kitu kingine, na acha angalau wiki sita kabla ya mashindano ya kwanza.