Kufungua duka la vitabu wakati huu wa simu

Ndugu mleta mada, umeuliza kama inafaa kufungua duka la vitabu mjini Nakuru, Kenya, ilhali watu siku hizi wanasomea simuni. Nimeuza vitabu katika mji huo kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwajiriwa na baadaye katika duka langu, na kwa niliyoyaona simu si chanzo kikuu cha matatizo yetu.

Tegemeo letu lilikuwa vitabu vya kiada. Baada ya elimu ya msingi kutolewa bila malipo mwaka 2003, shule zilipokea fedha za vifaa vya kufundishia na kununua vitabu madukani. Kila Januari walimu wakuu walifika na orodha zao, maboksi yakapakiwa garini, na faida hiyo ndiyo iliyotuwezesha kuweka rafuni diwani za mashairi ambazo huenda zisiguswe mwaka mzima. Mwaka 2013 vitabu vikaanza kutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kisha, kuanzia mwaka 2018, vitabu vilivyonunuliwa na serikali moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji vikawa vinapelekwa shuleni bila kupitia kwetu. Wazazi wa shule za binafsi waliendelea kuja, lakini mauzo yao peke yake hayatoshi kulipia pango la barabara kuu.

Simu ilitukuta tumekwisha kudhoofika. Mwanafunzi wa kidato cha tatu huingia, akachukua tamthilia inayotahiniwa, akaipiga picha jalada, kisha akauliza katika kundi la darasa kwenye WhatsApp ni nani aliye na PDF yake, na mara nyingi huipata kabla hajatoka mlangoni. Jambo hili linaniuma sana, kwa kuwa mwandishi hapati hata senti, na mtoto mwenyewe husomea kurasa zilizopigwa picha upande, nyingine hazipo kabisa.

Hata hivyo, simu hiyo hiyo huleta wateja. Nuria, wauzaji wa vitabu wa Nairobi, ilianza kwa kuuza mtandaoni kabla ya kufungua duka. Nami nilipoanza kuweka majalada kwenye stetasi ya WhatsApp, nilipata wasomaji wa Kericho na Nyahururu ambao hawajawahi kukanyaga dukani; hulipa kwa M-Pesa, nikawatumia kifurushi kwa matatu jioni hiyo hiyo. Wengi huagiza hadithi za watoto za Kiswahili, maana hata mzazi anayesoma gazeti simuni hupenda mwanawe ashike kitabu cha karatasi.

Kwa hiyo fungua, ila chukua chumba cha ghorofani chenye pango nafuu, uanze na vitabu vya watoto, na uwaombe wachapishaji wakupe riwaya kwa mali kauli, yaani uwalipe ukishauza. Umwajiri pia kijana anayesoma kwelikweli, kwa sababu mteja anayeandika saa tatu usiku hutaka kuelezwa habari za kitabu na mtu aliyekisoma.