Ufaransa na NATO 1966

Hapana kaka, unavyosema Ufaransa ilijitoa NATO (ule ushirika wa kujihami wa Marekani na nchi za Ulaya) 1966 si kweli, ilichotoka ni ule mfumo wa kijeshi wa pamoja, yani wanajeshi wake kuwa chini ya kamanda Mmarekani, ila uanachama kwenye mkataba wa 1949 ulioanzisha NATO ulibaki palepale. Kinachochanganya watu ni kwamba de Gaulle, rais wa Ufaransa, alimwandikia Johnson, rais wa Marekani, barua mwezi wa 3 mwaka huo, wanajeshi wa Marekani wakapewa mpaka tarehe 1 mwezi wa 4 1967 wawe washaondoka Ufaransa, makao makuu ya NATO nayo yakahama Paris yakaenda Brussels, sasa mtu akisikia yote hayo lazima aone wameachana kabisa. Mi nafundisha historia kidato cha sita hapa Mtwara na vijana wangu wanakosea hapohapo kila mwaka, inaniuma kweli maana barua yenyewe inasomeka, de Gaulle alisema wazi nchi yake inabaki kwenye ushirika. Walirudi kwenye mfumo wa kijeshi 2009 enzi za rais Sarkozy, ila hata hapo kwenye kamati ya NATO ya mipango ya nyuklia hawakuingia, mabomu yao wakaendelea kuyapangia wenyewe.