Panga herufi kwanza, pembe itafuata

Wanafunzi wa kidato cha pili ninaowafundisha twisheni wanajua vizuri kwamba pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa ni nyuzi 180. Maksi zinawapotea wakiambiwa pembetatu mbili zinafanana, yaani zina umbo moja hata kama ukubwa si mmoja, kwa sababu wanaoanisha pembe kwa macho: ya kushoto kwa ya kushoto, ya juu kwa ya juu. Mtunga mtihani analijua hilo, ndiyo maana moja huichora kichwa chini.

Chukua swali hili. AB iko juu, DE iko chini, na ni mistari sambamba. A na D ziko kushoto, B na E kulia. AE na BD zinakatana C. Pembe A ni nyuzi 48, pembe ACB ni 75. Tafuta pembe D.

Wengi hujibu 48, eti D iko chini ya A. Mimi humwambia mwanafunzi aweke kidole kwenye A, afuate mstari unaopita C mpaka mwisho. Anafika E. Kwa hiyo A ni sawa na E, kwa kuwa ni pembe mbadala (ziko kati ya mistari sambamba, pande tofauti za mstari unaoikata), na B ni sawa na D. Sasa aandike: ABC inafanana na EDC, herufi zikiwa kwa mpangilio huohuo. B ni 180 − 48 − 75, yaani 57. D nayo ni 57.

Herufi zikishapangwa, hata mchoro si lazima. ABC ikiwa sawa kabisa na PQR, yaani umbo na ukubwa ni uleule, pembe A ni 3x + 10 na P ni 5x − 20, basi x ni 15 na kila pembe ni nyuzi 55. Usiishie kwenye x, tafadhali; umeulizwa pembe.

Wapo pia wanaoona pande zimekuwa mara mbili, nao wanageuza nyuzi 40 kuwa 80. Anayebisha azidishe pembe zote tatu, ajumlishe.

Kwenye kuthibitisha kwamba pembetatu ni sawa kabisa, ukipewa pande mbili na pembe, hakikisha pembe iko kati ya pande hizo, isipokuwa kama ni pembe mraba, ya nyuzi 90. Jaribu mwenyewe: chora mstari kutoka A, pima nyuzi 30, weka AB sentimita 8, kisha simamisha bikari kwenye B ukiwa umeifungua sentimita 5. Itaukata ule mstari wa kwanza mara mbili, kila mkato unaweza kuwa C, na utapata pembe C mbili tofauti.