Kwa wataalamu wapya mnaoanza kujibu maswali ya wafugaji kwenye magrupu: someni shida ya mtu, tahajia yake iacheni

Wadogo zangu mnaotoka chuo sasa hivi na kuingizwa kwenye magrupu ya wafugaji kama wataalamu, karibuni sana, kazi ipo ya kutosha na tunawahitaji. Leo nataka niongee jambo moja tu ambalo chuo hawalifundishi, nalo ni namna ya kusoma meseji ya mfugaji. Chuo mmefundishwa kusoma dalili kwa kuku mwenyewe, mnamshika, mnampasua, mnaangalia utumbo. Huku mtandaoni kuku humuoni, unachokiona ni maneno ya mtu aliyechanganyikiwa, kasimama bandani na simu yake, na hapo ndo naona wengi mnakwama, mtu anaandika "awakuri" na wewe unamjibu "ni hawakuli" halafu unaishia hapo kama vile ushamsaidia.

Chukueni mfano wa meseji kama hii, za namna hii zinaingia kila mara:

"Dokta abari naomba msahada kuku zangu zina koroma usiku na wengine shingo imepinda choo cha kijani wame shakufa 30 kati ya 200 chanjo tuliwapa mwezi ulio pita kwenye maji ila walikua awana kiu yakabaki mpaka jioni"

Hamna nukta hamna koma, kuku mwanzoni ni "zina" mbele kidogo wamekuwa "wame", h zimeruka. Sawa, sasa irudie kuisoma kama daktari. Kukoroma, shingo kupinda, choo cha kijani, vifo 30 kwenye 200, hapo cha kwanza kufikiria ni mdondo, au kideri kama wengine mnavyouita. Halafu angalia pale mwishoni kabisa ambapo wengi mngekuwa mshachoka kusoma, "walikua awana kiu yakabaki mpaka jioni", hapo ndo kakupa sababu. Chanjo ya kwenye maji lazima kuku wanyimwe maji kwanza, saa moja mbili kutegemea na joto la siku hiyo, ili wakiletewa waimalize ndani ya saa mbili hivi, maana virusi vya kwenye chanjo ni hai na vikikaa kwenye maji vinakufa, na kama maji yenyewe ni ya bomba yana klorini ndo kabisa. Huyu mama kakueleza yote bila hata kuulizwa. Mwingine mwenye Kiswahili kisafi angekuandikia "kuku wangu wamepata chanjo zote kwa wakati" na usingejua kilichotokea bandani.

Sasa nyie mnajua kwa kawaida nini kinatokea meseji kama hiyo ikiingia? Anatokea mmoja anasema "ni kuku wangu sio kuku zangu", mwingine anambishia kwamba mbona tunasema rafiki zangu na ndugu zangu, wa tatu anaweka emoji ya kucheka, grupu linachangamka mpaka usiku na mwenye kuku ndo hamumsikii tena. Hajatoka kwenye grupu, yumo tu, ila hatauliza tena. Na akinyamaza haina maana kuku wamepona. Anaenda duka la dawa anapewa antibayotiki, ambayo kwa mdondo haiui virusi, au akiona hasara inamuelemea anawakamata wale ambao bado wanasimama anawapeleka mnadani au anampunguzia bei jirani, na ugonjwa umeshahama banda. Kijiji kizima kinaweza kubaki bila kuku ndani ya mwezi mmoja, nshayaona haya kwa macho yangu na yananiuma mpaka leo, kwa sababu palikuwa na mtu aliyeuliza mapema na watu wakashika herufi zake.

Na kumbukeni kwenye grupu la watu mia mbili wanaoandika ni wachache sana, waliobaki wanasoma kimya kimya, na wanachokiangalia kabla ya kufungua mdomo ni vile yule wa kwanza alivyopokelewa. Ukimdhalilisha mmoja ushawafunga midomo wengi ambao hata majina yao hujawahi kuyaona.

Halafu tujiulize hayo makosa yanatoka wapi, maana mtaalamu akijua chanzo hawezi kumdharau mtu. Mengi ni lugha ya nyumbani. Kikuyu hakina L, Kinyarwanda na Kirundi R ndo inatawala, kwa hiyo mtu aliyekua na lugha hiyo akiandika "kurara" au "kura chakura" anaandika anachokisikia, masikio yake yako sawa na akili yake iko sawa. H inaruka kwa watu wengi sana wa bara, "apa", "ela", "abari". Zile sauti zilizoingia na Kiarabu, dh, th na gh, zinawapa shida watu mpaka maofisini, ndo unaona "zambi", "samani" kwa maana ya thamani, "galama". Mwingine shule kaishia darasa la 4 na bado ana kuku 500 na analipia ada watoto watatu kwa mayai, huyo anajua ufugaji kuliko wewe uliyeanza juzi, kubali tu ndivyo ilivyo.

Simu nazo zina mchango wake. Ikiwa imewekwa Kiingereza inamrekebishia mtu maneno bila kumuuliza, anaandika "wana" inakuja "wanna", na kwa vile anaandika huku anafukuza kuku hata haangalii. Na wale wanaoandika xaxa, cjui, 2po, hao wametoka enzi za meseji za kawaida, herufi 160 basi, ukizidisha unakatwa hela ya meseji ya pili, kwa hiyo watu wakajifunza kufupisha na vidole vikazoea.

Kuna kitu kingine na hiki naomba mkisikilize vizuri, maandishi mengine sio makosa kabisa. Mtu wa Bukavu au Lubumbashi akikuandikia "kuku yangu banakufa" hicho ni Kiswahili cha kwao, ndivyo wanavyoongea na wanaelewana. Mtu wa Mombasa akikuambia kuku "yuwahara" yuko sahihi kwenye lahaja yake tena lahaja yenye ushairi wa miaka na miaka. Wa Nakuru atasema "kuku yangu inahara". Kiswahili sanifu tunachosomea shule msingi wake ni Kiunguja, kilichaguliwa mwaka 1928 kwenye mkutano uliofanyika Mombasa hukohuko, na kamati ya kukisimamia ikaanza 1930. Uamuzi ulikuwa wa vitabu na shule, haukumwambia mtu wa Lamu wala wa Kongo aache kusema alivyolelewa. Kwa hiyo ukimwona mtu anamwambia mwenzie "hicho sio Kiswahili", wewe ambaye ni mtaalamu usiwe upande huo.

Lakini kuvumilia sio kupita tu. Kuna sehemu herufi moja inabadilisha tiba na hapo lazima uulize, tofauti ni jinsi unavyouliza. Mfugaji anakuandikia "ng'ombe amezaa jana ana maziwa kabisa". Ukiichukua kama ilivyo unadhani anafurahia. Ila lile neno "kabisa" linakushtua, mtu anayeruka h akiandika "ana" anaweza kuwa na maana ya hana, na ng'ombe aliyezaa jana akawa hana maziwa kabisa ni habari nyingine kabisa, unataka kujua kiwele kimevimba? kina joto? ndama ananyonya nini? Sasa usimwambie "andika vizuri nikuelewe". Mwambie "pole mama, kwa hiyo tangu jana maziwa hayatoki hata kidogo, au yanatoka mengi?" Umeuliza hali ya ng'ombe, hujagusa maandishi yake, na jibu likija litakuwa wazi. Hivyohivyo kwa kuku mmoja aliyetengwa, "ana choo" na "hana choo", uliza "leo umeona kinyesi chake? kina rangi gani? piga picha". Picha ya kinyesi inasaidia kuliko aya nzima, kama ni damu utaiona na utaanza kufikiria koksidia, ule ugonjwa wa vimelea vya utumbo unaoleta kuhara damu.

Namba na vipimo ndo sehemu ambayo mimi sina uvumilivu hata kidogo na nawaomba msiwe nao. Mtu kaandika "nimeweka kijiko kwa rita 1", kijiko gani, cha chai au cha chakula? Kaandika "05", ni nusu au ni tano? Kaandika ml wakati dawa yenyewe ni ya unga. Hapo simama, mrudishie kwa maneno yako mwenyewe na umalizie kwa swali: "yaani umeweka kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji, ni sawa?" Tena muombe picha ya pakiti au chupa ya dawa, maana jina la dawa ndo linaharibika kuliko maneno yote, yale majina ya dukani ni marefu na ya kigeni na yanafanana, usije ukakisia jina la dawa kwa herufi tatu za mwanzo.

Kinyume chake nacho kipo, na nadhani ndo hatari kubwa zaidi. Kuna watu wanaingia kwenye magrupu haya wanaandika Kiswahili cha kunyooka, aya zimepangwa, koma zipo mahali pake, halafu wanauza dawa "inayotibu kideri kwa siku tatu". Mdondo hauna dawa ya kuua virusi vyake, una kinga tu, chanjo kama I-2 ile inayovumilia joto, tone moja kwenye jicho na unarudia kila baada ya miezi 3. Sasa grupu lililozoea kupima watu kwa tahajia linamuamini huyu muuzaji na linamcheka bibi anayesema "mimi nachanja kira miezi mitatu sijapoteza kuku". Nguvu mnazotaka kutumia kusahihisha "kira" zihamishieni kwa muuzaji, muulizeni dawa imesajiliwa wapi, ndani ina nini, mtengenezaji nani. Hapo ukali wenu unahitajika kweli.

Kwa upande wenu wenyewe, andikeni vizuri. Mfugaji akiandika xaxa ni sawa, wewe mtaalamu usiandike xaxa kwenye maelekezo, kwa sababu meseji yako itapigwa skrinshoti na kuhamishwa grupu kwa grupu mpaka kwa mtu asiyekujua, atasoma kile kilichoandikwa tu na hatakuwa na pa kukuuliza. Chanjo ya mdondo siku ya 7, gumboro (ugonjwa mwingine wa virusi wa kuku) siku ya 14, hayo andika na namba kamili na neno "siku" lionekane, usiandike "7 na 14" ukategemea mtu ataelewa ni siku au wiki. Na ukijibu tumia maneno yaleyale aliyotumia yeye ila yakiwa na tahajia yake sahihi. Kasema "msahada", wewe mjibu "msaada nitakupa, nijibu kwanza haya mawili". Kasema "kuhala", mjibu "kuhara kumeanza lini?" Anayetaka kujifunza ataona mwenyewe na kweli wengi wanabadilika polepole, na asiyetaka hajaumia.

Ambao kuandika ni mateso kwao waruhusuni watume voisi, na kuna admini wanaozikataza eti zinajaza simu, nawaelewa bando ni hela, ila fanyeni hivi, sikiliza wewe mmoja halafu uandike kwa kifupi chini yake alichosema, kuku wangapi, umri gani, wanakula nini, dalili ipi. Wengine wanapata kusoma, na mwezi ujao mtu akitafuta "shingo kupinda" anaikuta, voisi peke yake haitafutiki.

Kwa wale wanaocheka, usiwatukane hadharani, ukimtukana unakuwa umeongeza ugomvi kwenye banda la watu wenye msiba. Mimi natuma jibu la kitaalamu haraka, refu kidogo, ili mazungumzo yarudi kwa kuku, halafu namfuata mchekaji inboksi namwambia kaka, yule dada kapoteza kuku 30 usiku wa kuamkia leo, futa ile emoji. Wengi wanafuta na wanaomba radhi wenyewe. Akirudia namtoa, hata kama ni mfugaji mkubwa, hata kama anachangia sana.

Na ikitokea mfugaji mwenyewe akakuomba umsahihishe, wapo, hasa kina mama wanaotaka kuandika tangazo la mayai au barua ya mkopo wa kikundi, hapo msaidie kwa moyo wote ila inboksi. Anza na yale ya kazi yake, ana na hana, gramu na mililita, asubuhi na jioni, lita 1 na lita 10, tarehe ya chanjo, halafu tangazo lake lipitieni pamoja mpaka liwe safi. Hizo L na R atakuja nazo taratibu, na zisipokuja mayai yatanunuliwa tu.