Kabla hujatoa hela ya dawa, jua mdudu wako anakula ukoo gani wa mimea

Mtu akiona majani ya nyanya yameungua anakimbilia duka la pembejeo na picha kwenye simu, anauziwa chupa, anapuliza, wiki ijayo yupo pale pale anauliza ipi kali zaidi. Mimi nalima nyanya na kabichi huku Ilula, Iringa, na kilichonipunguzia gharama sio dawa mpya, ni kujua kwamba wadudu wengi wa shambani wanachagua chakula kuliko hata watoto wetu. Mdudu ana ukoo wake wa mimea na hapo ndipo anapotaga, ukimnyima huo ukoo umemmaliza nusu.

Chukua kantangaze, yule nondo wa nyanya anayeitwa kitaalamu Tuta absoluta. Katokea Amerika ya Kusini, Hispania alionekana 2006, na 2014 akawa tayari yupo Kenya na Tanzania. Nondo wake ni mdogo wa kijivu, mchana kajificha kwenye majani, jioni na alfajiri ndio anatembea, na jike mmoja anaweza kutaga mayai mpaka 260. Sasa chuma jani lenye mabaka uliinue kwenye mwanga, utaona pale palipopauka pamebaki ngozi mbili tu, ya juu na ya chini, katikati kuna kinyesi cheusi na kiwavi wa kijani hafifu mwenye kamstari keusi nyuma ya kichwa. Yumo NDANI ya jani jamani. Ndo maana dawa ya kugusa, ile inayoua mdudu ikimpata mwilini, inapita juu yeye anaendelea kula.

Huyu chakula chake ni ukoo wa nyanya: nyanya yenyewe, viazi mviringo, bilinganya, ngogwe, na mnavu. Hapo kwenye mnavu ndipo watu wanapopigwa. Unavuna, unang'oa nyanya zote, unasema unapumzisha shamba, kumbe pembeni ya mfereji kuna mnavu umejiotea na vinyanya vilivyodondoka vimechipua, kantangaze anahamia hapo anakusubiri. Na ukitoa nyanya ukaweka viazi hujabadilisha zao, umembadilishia sahani. Weka vitunguu, mahindi au kabichi, na shamba likae angalau wiki sita bila mmea wowote wa ukoo huo kwa sababu viwavi wengi wanajifukia kwenye udongo kugeuka nondo, wakitoka wasikute pa kutaga. Masalia ya nyanya usiyaache yakanyauka kwenye kona, yafukie chini sana au uyafunge kwenye nailoni juani. Na ongea na jirani, maana yeye akiacha lake nondo wanavuka mpaka bila kubisha hodi.

Kinachonishangaza mimi ni kwamba nyanya haijakaa kizembe. Ukishinda unapogolea nyanya vidole vinageuka kijani cheusi vinanata, si ndio? Ni vile vinyweleo vya shina na majani, vina utomvu na kemikali za kunasa na kufukuza wadudu, na wadudu wengi wadogo kweli vinawashinda. Kantangaze yeye amezoea.

Kabichi nayo ina mtego wake. Tafuna sukuma wiki mbichi usikie ile harufu kali inayopanda puani. Jani zima halina ukali huo, vitu viwili vimehifadhiwa mbalimbali ndani yake, mdudu akiling'ata vinachanganyika ndio sumu inatokea. Wadudu wengi wanakimbia. Ila nondo wa kabichi, wale ambao viwavi wao ukiwagusa wanajipinda wanarudi kinyumenyume halafu wananing'inia kwa uzi, wana kimeng'enya tumboni, yaani kemikali ya mwili wao, kinachozima mchanganyiko huo kabla haujawa sumu. Na sio kuizima tu, harufu hiyo hiyo ndiyo inamwelekeza jike wapi pa kutaga! Silaha ya mmea imekuwa kibao cha njia. Kwa hiyo kabichi, sukuma wiki, chainizi, figili na koliflawa kwake ni nyumba moja, usizifuatanishe kwenye tuta lile lile ukadhani unazungusha mazao.

Huyu wa kabichi kwa dawa usibishane naye sana, ni kati ya wadudu wa mwanzo kabisa wa mazao kuizoea DDT, dawa ya wadudu ya zamani, huko Java, Indonesia, miaka ya 1950, na tangu hapo amezizoea nyingi tu. Ukipuliza badilisha kundi la dawa, sio jina la chupa, majina kumi yanaweza kuwa sumu moja ile ile, soma kiambato kwenye lebo au mwambie bwana shamba akusomee. Kiangazi ndio balaa lake, mvua ikinyesha viwavi wadogo wanaoshwa, na mwenye maji ya kurusha juu anapata nafuu kidogo. Tena kuna vinyigu vidogo vinavyotaga ndani ya hao viwavi, kimoja kililetwa Afrika Mashariki kutoka Taiwan miaka ya mwanzo ya 2000 kwa kazi hiyo, ukipuliza kila wiki kwa ratiba unaua hivyo kwanza.

Ila wapo walafi wasiojali ukoo. Viwavijeshi vamizi waliotufikia 2017 wanapenda mahindi lakini wanakula mimea mingi mingine, na funza anayetoboa tunda la nyanya anakula mahindi, pamba, dengu, kwa hao kuzungusha mazao peke yake hakutoshi, itabidi ukague shamba na kuwahi viwavi wakiwa wadogo kabla hawajaingia ndani ya tunda au moyo wa mhindi.

Halafu mbolea ya yurea. Ukiimwaga sana jani linakuwa laini linajaa lishe, vidukari wanazaana hapo hatari. Mitego ya harufu ya jike kwa kantangaze mimi naweka, ila inanasa madume tu, itumie kujua wameingia lini ndipo ukague chini ya majani, usitegemee imalize kazi.