Porto ya 2017 ya binti yako: pima joto la stoo kabla hujatuma hela

Mkuu, umesema binti yako kazaliwa 2017 na unataka kununua chupa sita za porto (mvinyo mtamu wa Ureno ulioongezwa pombe kali) ya mwaka huo, uzilaze hapo Nyegezi, Mwanza, mpaka 2038 atakapotimiza miaka 21. Wazo zuri sana, na mwaka umekukalia vizuri: kule bonde la Douro, Ureno, nyumba nyingi za mvinyo zilitangaza vinteji (porto ya zabibu za mwaka mmoja uliokuwa bora) ya 2017 zikiwa zimetoka kutangaza ya 2016, na miaka miwili kufuatana ni jambo adimu. Ila hela usitume bado.

Mimi nilianza na chupa nne za 2011, alizoniletea shemeji yangu kutoka London. Nikazilaza stoo, gizani, nikaona kazi imekwisha. Stoo yenyewe iko chini ya bati, haina dari. Baada ya miaka minne nikashika chupa ya kwanza, vidole vikanata. Kizibo kimepanda, mvinyo umechuruzika shingoni chini ya ile karatasi ya muhuri na kukauka kama asali kuukuu. Nikamimina. Nilitegemea rangi nzito ya zambarau iliyoiva, nikaona chai ya rangi, na mdomoni ladha ya zabibu kavu zilizochemshwa. Zote nne zilikuwa hivyo hivyo. Niliumia sana.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa porto ina sukari nyingi na kilevi cha asilimia 20 hivi, haiharibiki. Vinteji hukaa kwenye mapipa kama miaka miwili tu, halafu inatiwa chupani ingali changa. Kukomaa kote kunafanyika humo chupani, polepole, na wenyewe huitunza kwenye nyuzi 12 hadi 14. Nilipoweka kipimajoto stoo kwangu, mchana kilisoma 33, alfajiri 21. Kila siku mvinyo ulikuwa unatanuka na kunywea, unasukuma kizibo, kisha unavuta hewa ndani.

Sasa hivi natumia chumba cha nyuma hapa Isamilo, ambacho ukuta wake mmoja ni jiwe lenyewe la mlimani. Humo ni 23 mchana na 23 usiku. Kwa miaka miwili mitatu sina wasiwasi, lakini kwa miaka ishirini siwezi kukudanganya, bado ni joto. Ya muda mrefu inataka friji ya mvinyo yenye stabilaiza nzuri, na umeme ukikatika mlango usifunguliwe. Friji ya jikoni sahau: ina baridi mno na ukavu wake unakausha vizibo.

Ningekuwa wewe, ningenunua chupa tatu badala ya sita na kuziacha hukohuko. Wauzaji wengi wa Uingereza hukutunzia mzigo wako kwa ada ya mwaka, nawe unazileta 2037 zikiwa zimelala mahali pake maisha yao yote. Kama utapenda kuzileta sasa, kagua mvinyo umefika wapi shingoni na upitishe kidole kwenye kizibo. Ukikuta alama ya rangi nyeupe ubavuni mwa chupa, ilale alama ikiwa juu, ili mashapo yakae upande mmoja.

Soma lebo vizuri pia. Ikiandikwa Late Bottled Vintage, hiyo imekaa kwenye pipa miaka minne hadi sita na mara nyingi iko tayari kunyweka. Tawny, aina nyingine ya porto, ya miaka 20 imezeekea kwenye pipa, chupani haiongezi kitu, kwa hiyo inunue kwa ajili ya Krismasi hii na uinywe. Hiyo ukiifungua inakaa wiki kadhaa. Vinteji iliyokomaa ukishaifungua imalizeni ndani ya siku mbili tatu.

Kanunue kipimajoto kinachoweka kumbukumbu ya joto la juu na la chini, kiache stoo kuanzia Septemba mpaka mvua za Novemba ziingie, halafu weka hapa namba zako nizione.