Magauni ya Idi kwa doti moja

Swali: Shikamoo bibi. Mwaka jana niliwashonea binti zangu wawili magauni ya kanga kwa ajili ya Idi. Yalipofuliwa yakarudi, yakapanda juu ya magoti. Nilikosea wapi? – Mama wawili, Tanga

Jibu: Marahaba mwanangu. Kanga mpya ina wanga, na hurudi ikifuliwa mara ya kwanza. Iloweke usiku kucha, anika kivulini, piga pasi, ndipo ushike mkasi. Doti ni pande mbili: kila mtoto upande wake. Jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, usilikate, tafadhali! Mimi hulipitisha mbele, juu kidogo ya pindo la chini, lisomeke mtoto anapotembea. Ziada ya urefu ifiche kiunoni, vidole vinne hivi, uifumue mwakani. Vipande vitakavyobaki vishonee vipochi vya kutilia pesa za sikukuu.